Aliyehesabu Damu Ikirudi

Nilipanda kutoka Sondu kwa miguu. Mvua ilikuwa imekata barabara mahali fulani huko juu, na dereva wa lori la mchanga lililonibeba kutoka Homa Bay alinishusha sokoni akasema yeye haendi kuzikwa kwenye matope ya wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na viatu vya kaka yangu vilivyonizidi namba moja. Nilipofika Kiptere jasho la ziwani lilikuwa limegeuka baridi mgongoni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona majani chai: kijani kilichonyolewa sawasawa, kilima baada ya kilima, bila mtu hata mmoja, maana ilikuwa Jumapili. Nilidhani nimefika mahali ambapo watu wote wamehama.

Mbele kidogo ya Kiptere niliteleza kwenye mtaro, kifundo cha mguu kikapinda. Nikafanya vile tulivyofanya nyumbani, na vile nilivyoona wakifanya kila mahali nilipowahi kufanya kazi. Nilimwomba fundi wa baiskeli ukanda wa tyubu kuukuu, nikauzungusha mara sita, nikakaza mpaka maumivu yakafa ganzi. Nikaendelea na safari. Nililala Kapsoit, na Jumatatu asubuhi nikawa kwenye foleni ya shamba moja kubwa la chai lililokuwa likiandika watu. Kabla ya kuandikwa ilibidi upite zahanati. Hapo ndipo nilipomkuta.

Hakuniuliza jina. Aliutazama mguu.

"Hii mguu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, daktari. Nilianguka."

"Kama haijakosa, nani aliiweka jela?"

Foleni nzima ilicheka. Alikuwa na mkasi ulioning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliuingiza chini ya ule mpira, akaukata kwa mara moja, na mpira ukaruka kama kitu kilicho hai. Kisha akabonyeza ukucha wa kidole changu kikubwa mpaka ukawa mweupe, akaachilia, akahesabu kwa sauti huku rangi ikirudi taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Tano," alisema. "Ungekaa na hiyo kitu mpaka kesho, ungekuwa unanunua kiatu moja moja."

Tangu siku hiyo aliniita Ziwa, kwa sababu ya nilikotoka. Mimi nitamwita Dresa, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na shamba zima. Hakuwa daktari. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bandeji. Watu walimwita daktari walipoumwa, wakamwita Dresa walipopona.

Kila mtu ana namna yake ya kusalimia. Ya Dresa ilikuwa kukubonyeza ukucha. Alikushika mkono wa kulia, akasema "Chamgei," na kabla hujajibu kidole chake gumba kilikuwa tayari kimeketi juu ya chako. Alifanya hivyo kwenye mazishi. Alifanya hivyo kwa wachunga ng'ombe na kwa wakaguzi waliokuja na makoti meupe. Mlangoni pa kanisa akina mama walificha vidole ndani ya leso.

"Dresa, leo ni Jumapili. Wacha damu yangu ipumzike."

"Siku damu itapumzika, mama, hutanisikia nikihesabu."

Mbili ilikuwa nzuri. Tatu ilimfanya aulize kama umekunywa chai ama ni baridi tu. Zaidi ya hapo alikuvuta pembeni. Nilipata kumwona akimvua mwalimu mmoja pete ya ndoa kwa uzi na sabuni, katikati ya karamu ya arusi ya watu wengine, kwa sababu mwalimu alikuwa ameangukia mkono asubuhi na kidole kilikuwa kinavimba. Mke wa mwalimu alinuna hadi jioni. "Pete itakaa mfukoni," Dresa alimwambia. "Kidole haiwezi kukaa mfukoni."

Maneno hayo yalichekesha watu zaidi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mkono wa mfukoni. Nje ya zahanati hakuna aliyeuona mkono wake wa kushoto. Ulikaa ndani ya koti, jua au mvua. Ndani ya zahanati ulitoka, na hapo uliona kwa nini ulifichwa. Ulikuwa mwembamba kuliko wa mtoto wa shule, kiganja kimepinda kuelekea ndani, vidole vimekunjika kama kucha za ndege aliyelala. Lakini kazi uliifanya. Roli la bandeji lilikaa ndani ya ile kucha kana kwamba liliumbiwa humo, naye akazungusha kwa mkono wa kulia, polepole, akiingiza kidole chini ya kila mzunguko kuhakikisha kina nafasi. Watu walisema alimpiga baba yake akalaaniwa. Wengine walisema nyoka. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kusaidia uvumi.

Alikuwa mkali juu ya mambo mawili: kukaza, na maji moto. Ukimletea mtu aliyevunjika ambaye wenzake wameshamkanda kwa maji ya chumvi, angekupigia kelele mpaka usikie kwenye mifupa yako. "Imevimba tayari! Sasa unaipikia uji ivimbe zaidi?" Lakini hakuwadharau waunga mifupa wa kienyeji, jambo lililowashangaza vijana wa zahanati wenye vyeti. Kulikuwa na mama mmoja upande wa Kipkelion aliyeunga mikono kwa vijiti na nyuzi za mgomba, na Dresa alimheshimu kuliko baadhi ya madaktari. "Yule huacha vidole nje," alisema. "Na kila jioni anafungua kidogo. Yule anajua mtu amevimba si kuni."

Tulipakana chumba kwa miaka minane kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Mke wake alikuwa amerudi kwao zamani sana, na binti yao mmoja alikuwa Nakuru. Alikuwa na kikombe kimoja. Aliponialika chai nilikwenda na changu. Tulikaa mlangoni tukitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na mara nyingi nilihisi amesahau kwamba nipo. Ilikuwa ajabu, kwamba mtu aliyegusa vidole vya watu mia kwa wiki hakuguswa na mtu yeyote. Alikushika yeye. Ukijaribu kumshika bega, alisogea.

Baridi ya Julai ilimuumiza ule mkono. Niliwahi kumwona, akidhani yuko peke yake, ameuzungushia kikombe cha chai kama mtu anayempasha mtoto.

Mwaka wangu wa tatu nilitolewa kwenye kuchuna nikawekwa kwenye trela, kupakia magunia ya majani. Asubuhi moja ya mvua, saa nne hivi, trekta lilirudi nyuma, gurudumu likateleza kwenye matope, na mguu wangu wa kulia ukabanwa kati ya trela na nguzo ya saruji ya banda la kupimia. Haikuchukua muda. Trekta lilivuta mbele, nikaanguka, nikatazama mguu. Haukuwa umekatika. Haukuwa hata na damu nyingi. Wenzangu walishukuru Mungu, wakanibeba, na mmoja wao, kwa wema wote, akatangulia mbio kwenda kuchemsha maji ya chumvi. Dresa alilipindua karai la maji yale kwa teke.

Alikata gambuti langu. Akabonyeza ukucha: mbili. Akatafuta mshipa juu ya unyayo: ulikuwa unapiga. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikaa kando yangu, na kila baada ya dakika chache alinibonyeza shavu la mguu, kisha akakishika kidole kikubwa na kukivuta juu kidogo tu. Saa tano nilikunja uso. Saa sita nilimtukana. Saa saba nililia, mimi mwanamume mzima, na mguu ulikuwa uleule wa kutazama, vidole vyekundu, mshipa unapiga.

Daktari wa zahanati alikuwa ameenda mkutanoni. Gari lilikuwa moja, pikapu, na nyapara mkuu alitakiwa kupeleka kipuri kiwandani. Dresa alisimama mbele yake.

"Huyu anaenda hospitali kubwa Kericho. Sasa."

Nyapara aliingia akanitazama. "Vidole ni nyekundu. Umesema mwenyewe mshipa inapiga. Ni uchungu tu, mzee. Mpe dawa, tutaona kesho."

"Kesho hatutaona mguu."

"Dresa, hii kipuri inangojewa."

Hapo ninapaswa kueleza jambo moja la chai. Majani mabichi yanataka hewa. Mchunaji mvivu, au aliyechelewa, huyashindilia kwenye gunia kwa goti ili yaingie mengi, na majani yaliyoshindiliwa huchemka yenyewe katikati. Juu ya gunia yanabaki mabichi, yanapendeza. Ndani yamekuwa mekundu, yamekufa. Ndiyo maana nyapara hakagui gunia kwa macho. Huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na akikuta joto, gunia lote humwagwa. Yule nyapara mkuu alikuwa hodari wa kumwaga.

Dresa alimuuliza kwa sauti ya chini, "Ukikataa gunia ya mtu, unaangalia juu?"

"Naingiza mkono."

"Juu kunakuwa aje?"

"Juu kunaweza kuwa sawa."

"Nyama ya mguu iko kwa gunia, bwana. Mungu ameishona, na hiyo gunia haivutiki. Nyama ikipondwa inavimba, inajishindilia yenyewe, damu inakosa pahali pa kuingia. Hiyo mshipa unasikia ni gari inapita barabara kubwa tu. Kwa manyumba haiingii. Ingiza mkono."

Akauchukua mkono wa nyapara akauweka kwenye shavu la mguu wangu. Lilikuwa gumu kama ubao wa trela. Kisha akavuta kidole changu kikubwa kidogo tu, na nilipiga ukelele ambao wanawake waliokuwa bandani baadaye waliuigiza kwa miezi. Nyapara alisimama pale, kiganja bado kwenye mguu, uso wa mtu aliyekuta joto ndani ya gunia. Alitoa funguo.

Nyuma ya pikapu mtu alitaka kuuinua mguu wangu juu ya magunia. Dresa akakataa, uende sawa na mwili, alisema, damu haitapandishwa mlima na mlango umefungwa. Alikaa nami sakafuni safari nzima, vidole vyake juu ya unyayo wangu. Hospitalini walinipasua mguu pande mbili, kutoka karibu na goti hadi karibu na kifundo, wakauacha wazi siku kadhaa ili nyama ipumue. Daktari aliyenipasua alisema tungengoja hadi asubuhi, angekuwa anakata, si kupasua. Makovu yale yapo. Mguu ninaoutembelea leo, na nimeutembeza sana, ni ule.

Nilipoamka uliniuma kuliko ulivyoniuma ulipobanwa. Nilimlalamikia Dresa alipokuja Jumapili.

"Ni damu," alisema. "Damu ikirudi inauma kuliko ikienda. Ikienda, inaenda kimya."

Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza juu ya mkono. Akautoa ndani ya koti, akauweka juu ya blanketi langu kama mtu anayeonyesha kitu cha kuuza.

Alikuwa na miaka saba, alianguka kutoka kwenye mpera, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Bibi yake, kogo wake, ndiye aliyemlea. Alimfunga kwa vijiti na maganda ya mti, akakaza vizuri kwa sababu alimpenda. Mtoto alilia siku mbili. Kogo alidhani ni mfupa unacheza ndani, akakaza zaidi. Siku ya tatu mtoto akanyamaza, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

"Siku nilinyamaza," Dresa alisema, "ndio siku mkono ilikufa."

"Yeye alijua?"

"Aliishi miaka ishirini zaidi. Kila siku alinikatia nyama kwa sahani. Aliambia watu ni ugonjwa iliingia kwa mfupa." Aliurudisha mkono mfukoni. "Mimi nilijifunza ukweli hapa zahanati, nikiwa mkubwa. Nilienda nyumbani kumwambia. Alikuwa ameniwekea mursik, maziwa yake ya kibuyu. Nikakunywa."

Basi ndivyo alivyokuwa. Alimfokea kila mtu aliyekaza kamba, isipokuwa yule aliyemkaza yeye.

Miguu yangu haijui kukaa. Baada ya miaka minane niliondoka pale, nikaenda Naivasha kwenye maua, nikaenda Mwea kwenye mpunga, nikauza maji Athi River. Kila nilipochoka na mahali, nilikumbuka ukungu ule na kikombe kile kimoja, lakini kukumbuka si nauli wala si barua. Nilirudi mara moja, nikamkuta anakaribia kustaafu, akanibonyeza ukucha, akasema, "Mbili. Unakula." Tulikunywa chai. Sikurudi tena kwa miaka mingi.

Mwaka uliopita nilirudi. Mashine za kuchuna zilikuwa zimefika, zile ambazo watu wawili huzibeba kama jeneza juu ya majani, na laini yetu ya nyumba ilikuwa nusu tupu, milango imeng'olewa. Nilisimama kwenye chumba changu, nikasimama kwenye chake. Mlinzi alinielekeza: Dresa yuko upande wa Bomet, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na kogo wake.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, mchana wa jua baridi. Alizeeka kwa namna ya miti ya pale, bila kupungua urefu. Alinijua kwa kuchechemea kwangu.

"Ziwa. Mguu yangu imekuleta."

"Imenileta, mzee."

Alininyooshea mkono wa kulia, lakini kidole gumba hakikubonyeza. Hapo nikajua kuna jambo. Nilifunua blanketi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kutoka kifundo hadi juu ya vidole kwa ukanda wa tyubu, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa kwa ustadi. Vidole vilivyochomoza vilikuwa na rangi ya zambarau iliyokauka.

"Gogo la kuni," alisema. "Jana asubuhi. Mama jirani alinisikia."

"Nani alifunga hivi?"

"Yeye."

"Na wewe ukaangalia?"

Mkasi ulikuwa palepale shingoni, kwenye kamba mpya ya kiatu. Niliuvuta. Niliingiza kidole chini ya mpira kwanza, kama alivyofanya yeye kwa bandeji, nikakata. Ukaruka. Nikapiga magoti, nikabonyeza ukucha wa kidole kikubwa. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi na bado ulikuwa rangi ya nta.

"Ngapi?"

"Tatu."

Alicheka kwa pua. "Mimi ndiye nilikufundisha kuhesabu, wewe muongo."

Tulingoja. Taratibu rangi ikaanza kuingia, kwa mabaka, kidole kikubwa, cha pili, cha tatu. Viwili vidogo vilikataa. Kisha maumivu yakaja, akashika mbao za kiti, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Inarudi," alisema kwa meno. "Inarudi, hii shetani."

Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maisha yangu. "Miaka arobaini umekatia watu hii mpira. Kwa nini hukumwambia aache? Neno moja tu, mzee!"

Alisubiri maumivu yapite.

"Alipiga magoti hapo uko," alisema. "Alikuja mbio, hata viatu hakuvaa. Akashika mguu yangu na mikono mbili, akaweka kwa mapaja yake, akaniambia pole, pole baba, akifunga. Ziwa. Unajua ni lini mtu alinishika?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba hakuwa mimi.

Mama jirani alipotokea na uji, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, Dresa alinitazama kwa onyo. Akamwambia, "Mama, umenisaidia sana. Huyu kijana anataka tu nionekane na daktari." Nami, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, nikasema ndiyo. Tulipata pikapu ya maziwa. Niliuweka mguu wake sawa na mwili, sio juu, nikakaa naye sakafuni, vidole vyangu juu ya unyayo wake mpaka hospitali.

Vidole viwili vidogo vilikatwa. Mguu ulibaki. Nilikaa wiki tatu, nikimletea uji, nikimsomea majina ya dawa, nikifukuzwa na wauguzi kwa kubonyeza kucha za wagonjwa wengine. Kisha binti yake akaja kutoka Nakuru na gari la kukodi, akasema baba hawezi kurudi kuishi peke yake kule mlimani. Dresa hakubisha. Alitaka tu kupitia shambani kuchukua kikombe.

Siku ile ndiyo niliyoondoka Bomet na Kericho kwa mara ya mwisho. Sina mtu tena huko, na milango imeng'olewa. Tulipitia kikombe, kisha nikashukia barabarani, gari likabaki limewashwa. Nilimwinamia dirishani, nikanyoosha mkono, nikitegemea ule wa kulia. Alikuwa ameshikilia kikombe kwa ule wa kulia. Alikitazama, akanitazama, kisha akautoa wa kushoto mfukoni, nje, barabarani, mbele ya binti yake na dereva na wauza ndizi, akaniwekea kiganjani.

Ulikuwa mwepesi na baridi, vidole vimekunjika, havikuweza kunishika. Nilivishika mimi. Nilitafuta gumba, nikabonyeza ukucha ukawa mweupe, nikaachilia.

"Ngapi?" aliuliza.

Nilihesabu vizuri, sikumdanganya.

"Nne."

"Ni baridi tu," Dresa alisema. Hakuuondoa mkono. "Hesabu tena."